Turbo Yako Inakula Hewa ya Wapi?

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana mimi na binamu yangu tuliamua kwamba Forester yake lazima itoe sauti. Si unaijua ile sauti: ukikanyaga mafuta inavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama, ukiachilia inapiga "psshh". Gari ni yake, ni ya turbo, na mkopo wa sacco bado anaulipa kila mwisho wa mwezi. Tukaenda Kirinyaga Road, tukanunua ile filta ya mviringo iliyo wazi, nyekundu, inang'aa kama pambo. Tukarudi nyumbani, tukang'oa boksi la plastiki la filta na paipu yake yote, tukatupa kwa buti. Filta mpya tukaifunga palepale ndani ya boneti, haina kifuniko, haina chochote.

Sauti ikaja kweli. Tulizunguka mtaa mzima kama watu waliotoka kushinda Safari Rally.

Hatua ya pili ilikuwa kuongeza presha ya turbo. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja mzee pale Industrial Area. Akafungua boneti, akaangalia kimya, halafu akauliza swali moja tu: "Vijana, hii gari inakula hewa ya wapi?"

Binamu yangu akajibu haraka, "Ya nje, mzee."

Mzee akacheka. Akachomeka kifaa chake cha kusoma kompyuta ya gari, akatuambia twende tukakae kwenye jam ya Enterprise Road, saa saba mchana, tusome namba. Nje kulikuwa na nyuzi 26. Hewa iliyokuwa inaingia kwa injini ilikuwa nyuzi 61.

Tuliporudi akasema, "Hiyo si hewa ya nje. Hiyo ni hewa ya jikoni."

Swali lake lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma historia ya turbo, na nilichogundua ni kwamba swali la huyo mzee ndilo limesumbua mainjinia kwa zaidi ya miaka 100. Kila mara watu walipoongeza presha, walijikuta wamerudi palepale: hewa inatoka wapi, na ina joto kiasi gani? Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonikasirikia: wengi wetu tunalipa pesa ili kuharibu kitu ambacho watu walichukua karne nzima kukijenga.

Ilianza na moshi wa bure

Mwaka 1905, injinia Mswizi anayeitwa Alfred Büchi alisajili wazo lake. Moshi unaotoka kwa injini una joto na nguvu nyingi inayopotea hewani. Mbona usizungushe gurudumu dogo, na hilo gurudumu lizungushe pangaboi la kusukuma hewa zaidi ndani ya injini? Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Hiyo ndiyo turbo, hadi leo.

Lakini wazo si kazi. Ilichukua kama miaka 20 kabla lifanye biashara ya maana. Katikati ya miaka ya 1920, meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliwekewa mfumo wa Büchi na injini zake za dizeli zikapanda kutoka nguvu ya farasi 1,750 hadi 2,500. Injini ni ileile, imepewa tu pumzi zaidi.

Wakati huohuo kulikuwa na watu wengine wenye shida tofauti: marubani. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na injini inaishiwa pumzi kama wewe ukipanda Mlima Kenya. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alibeba injini ya ndege ya Liberty hadi kileleni mwa Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari. Ukitaka kupata picha, huko ni juu ukiwa njiani kuelekea Point Lenana. Chini karibu na bahari, injini hiyo ilikuwa inatoa nguvu ya farasi 350. Kule juu bila turbo ikatoa 230. Ikafungiwa turbo, ikatoa 356.

Soma tena hiyo namba. Turbo ilirudisha kila kitu mlima ulichochukua, na ikaongeza kidogo.

Miaka miwili baadaye, Februari 1920, rubani Rudolph Schroeder alipanda na ndege yenye turbo ya Moss hadi zaidi ya mita 10,000. Oksijeni yake ikaisha, akazimia, ndege ikaanguka kilomita nyingi kabla hajazinduka na kuishika. Injini ilikuwa na pumzi kumliko yeye.

Shida ambayo hakuna anayekuambia dukani

Sasa hapa ndipo mambo yanakuwa moto, na ninamaanisha moto.

Umewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kupampu kwa nguvu? Ile ncha inachoma. Hewa ukiibana, inapata joto. Hakuna fundi wala pesa itakayobadilisha hilo. Kwa hivyo turbo inakupa hewa nyingi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inakupa joto. Na hewa yenye joto imetanuka. Kile ulichokuwa unatafuta, yaani hewa nyingi ndani ya nafasi ndogo, kinaanza kupotea.

Mbaya zaidi, mchanganyiko wa hewa moto na petroli unaweza kulipuka wenyewe kabla wakati haujafika. Mafundi wetu wanasema injini "inanoki". Pistoni inapigwa nyundo, tena na tena, mara nyingi kwa dakika. Gari za kisasa zina sensa ya kusikiliza hiyo nyundo. Kompyuta ikiisikia, inachelewesha moto wa plagi ili kuokoa injini. Ukipunguza moto, unapunguza nguvu. Unakanyaga, gari inaunguruma, haiendi.

Kwenye vita vya pili vya dunia, ndege ya Kimarekani P-38 Lightning iligusa ukuta huo. Hewa iliyotoka kwa turbo ilipitishwa ndani ya ukingo wa mbele wa mabawa, ili upepo wa nje uipoze. Wazo safi sana: bawa lenyewe ndilo intakula. Intakula, kwa wale wageni, ni kile kifaa kama rejeta kinachopoza hewa baada ya turbo kuibana. Lakini injini zilipoongezwa nguvu, mabawa yakashindwa kupoza hewa ya kutosha, na presha ikabidi izuiwe. Mwaka 1943, toleo la P-38J lilikuja na suluhisho: intakula ikahamishwa, ikawekwa chini ya pua ya injini, mahali upepo unaingia moja kwa moja. Ndiyo maana P-38 za mwisho zina kidevu kikubwa. Na ile nafasi iliyobaki wazi kwenye mabawa ikawekwa tangi za mafuta.

Ona vile ilienda: jibu lilipatikana kwa kubadilisha mahali pa kupozea hewa.

Gari ziliposahau somo

Mwaka 1962, General Motors ilileta turbo kwa gari za watu wa kawaida. Moja ilikuwa Oldsmobile Jetfire, V8 ya lita 3.5. Haikuwa na intakula. Badala yake, kulikuwa na kitangi cha mchanganyiko wa maji na methanoli uliorushwa ndani ya hewa ili kuipoza. Wakaupa jina la kishujaa: Turbo-Rocket Fluid.

Kwa karatasi, noma sana. Kwa maisha, wenye gari walikuwa wanasahau kujaza kitangi. Kikiisha, mfumo unakata presha na gari inakuwa nzito kama trela. Hazikufika hata 10,000 zilizotengenezwa, na baadaye kampuni ikawa inawatolea wateja turbo na kuwawekea kabureta ya kawaida. Yaani watu walirudisha turbo kwa sababu ya joto la hewa.

Porsche nao walipitia hapo. 911 Turbo ya 1975 ilikuwa ya lita 3.0, nguvu ya farasi 260, bila intakula. Mwaka wa modeli wa 1978 ikaja ya lita 3.3 yenye nguvu 300, na safari hii intakula ilikuwepo. Walipata wapi nafasi, wakati injini imebanwa nyuma kabisa? Waliiweka ndani ya lile bawa la nyuma. Kwa hivyo ukiona picha ya hiyo Porsche ya zamani na bawa lake pana kama sinia la chai, jua si urembo. Chini ya sinia kuna kifaa cha kupoza hewa.

Kile kitundu kwenye boneti

Turudi kwa gari unazoziona ukitoka tu nje ya geti.

Subaru Impreza WRX ilitoka mwaka 1992 na intakula imelala juu ya injini, na kitundu kwenye boneti. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanafikiri kile kitundu kinalisha injini. Hapana. Upepo unaoingia pale unaenda kupoza intakula, basi. Hewa inayoliwa na injini inaingia kwingine, kwa paipu fupi karibu na grili au ndani ya fenda, mahali inapopatikana kabla haijapita kwenye rejeta na kupashwa moto. Kutoka hapo inaingia kwa lile boksi la plastiki. Ndiyo, lile tulilotupa kwa buti.

Mitsubishi walichagua tofauti: Lancer Evolution ina intakula mbele kabisa, nyuma ya bampa. Pale inapata upepo safi, lakini paipu zinakuwa ndefu. Ya Subaru ina paipu fupi na turbo inaitika haraka, lakini kwenye jam imelalia injini kama chapati juu ya kikaango. Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja alichagua shida atakayoishi nayo. Ndiyo maana baadhi ya modeli za STI na Evo zilipewa hata kitufe cha kunyunyizia intakula maji.

Na wewe uliyebandika kitundu cha plastiki kwenye boneti ya gari isiyo na turbo, na chini yake kumezibwa... sitasema kitu. Unajijua.

Safari ilitufundisha, tukaangalia tu vumbi

Hapa kwetu hii historia ilipita mbele ya macho ya wazazi wetu. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally na Toyota Celica Twincam Turbo, turbo ya kwanza kushinda hizi mbio. Mwaka 1987 ikawa Audi 200 ya Hannu Mikkola, halafu Lancia, halafu Celica tena. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, akashinda na Celica yenye turbo. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen na Lancer, mwaka 1997 Colin McRae na Impreza. Ukijiuliza mapenzi yetu ya Subaru yalitoka wapi, anzia hapo.

Sasa tafuta picha za gari hizo za miaka ya 90. Utaona paipu inayotoka kwenye boneti na kupanda kando ya kioo cha mbele hadi karibu na paa. Hiyo ni snokeli. Safari ilikuwa inakimbizwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, na dereva alikuwa anaingia mtoni bila kujua kina. Maji yakiingia kwa injini, yanakataa kubanwa. Pistoni inapanda, inagonga maji, na mkono wake unapinda kama kijiko. Kwa hivyo walipeleka mdomo wa injini juu, mbali na maji, mbali na sehemu kubwa ya vumbi, na mbali na joto la boneti.

Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, mainjinia walikutana na ule mchanga laini kama unga, na gari za kiwanda zenye kompyuta za ajabu bado zinavaa snokeli. Teknolojia yote hiyo, na swali ni lile la mzee wa Industrial Area.

Mdomo wa hewa una nguvu hivi kwamba sheria za mashindano ziliubana wenyewe. Kuanzia 1995, turbo ya gari za rali ilipaswa kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34 pekee. Toyota wakatengeneza ujanja uliofichwa wa kupitisha hewa kando ya hilo tundu. Wakashikwa kwenye rali ya Catalunya mwaka huohuo, wakaondolewa kwenye msimu na kufungiwa 1996 pia. Timu nzima ya dunia iliweka jina lake hatarini kwa sababu ya hewa ya ziada. Si kwa sababu ya sauti.

Hesabu ya Nairobi

Kuna jambo moja linatuhusu sisi kuliko wengi. Nairobi iko kama mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Gari isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya pumzi yake ikifika hapa. Turbo inasaidia, kama kwa Moss kule Pikes Peak. Lakini haisaidii bure.

Tuseme kompyuta inataka presha ileile popote ulipo, mara 1.8 ya ile ya usawa wa bahari. Mombasa, turbo inabana hewa mara 1.8. Nairobi inaanza na hewa nyepesi, kwa hivyo lazima ibane mara 2.2 hivi. Nilipiga hesabu nikichukulia turbo inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70. Mombasa, hewa inaingia ikiwa nyuzi 30 na kutoka kwa turbo ikiwa karibu 110. Nairobi inaingia ikiwa nyuzi 22, baridi kuliko Mombasa, lakini inatoka ikiwa karibu 130.

Umeona? Sisi wa huku juu tuna hewa baridi zaidi na turbo moto zaidi.

Sasa weka ile hewa ya jikoni. Ukikanyaga ukiwa na nyuzi 61 kwenye mdomo, hesabu ileile inatoa karibu nyuzi 180. Ukianza na 26, unapata kama 134. Angalia vizuri: mwanzoni tofauti ilikuwa 35, baada ya turbo imekuwa 48. Turbo haisamehi joto, inalizidisha. Intakula nzuri itafuta sehemu kubwa ya hiyo tofauti, labda ubaki na nyuzi 15 za ziada. Zinasikika chache. Lakini hizo ni karibu asilimia 4 au 5 ya hewa yako zimeenda, na injini iko karibu zaidi na kunoki. Na sisi tulitaka kuongeza presha juu ya hapo.

Si ati msibadilishe gari

Najua mtaniambia, "Lakini gari ikitembea joto linashuka." Kweli, linashuka. Upepo ukiingia kwa boneti, namba zinarudi chini. Shida ni kwamba wengi wetu tunaishi kwenye jam, halafu barabara ikifunguka tunakanyaga hapohapo, wakati kila kitu kimeiva.

Na wengine mtasema, "Basi nitaweka paipu ndefu hadi chini ya bampa, kwenye baridi." Sawa, hewa itakuwa baridi. Lakini kumbuka mafuriko ya Aprili 2024, gari zilizozimika katikati ya maji na hazikuwaka tena. Mdomo wa hewa ukiushusha karibu na lami, umeikaribisha injini mtoni. Ukienda Mombasa Road, angalia malori: mengi yana bomba la hewa limesimama juu nyuma ya kabini. Madereva wa masafa hawana muda wa urembo.

Ninachosema ni kimoja tu. Kabla hujanunua kitu cha kuongeza nguvu, jua hewa inatoka wapi. Boksi la kiwanda si takataka ya plastiki. Ni jibu la swali gumu: baridi ya kutosha, juu ya maji ya kutosha, vumbi limezuiwa, joto la injini limefungiwa nje. Unaweza kulishinda, ndiyo, kwa kufunika filta yako na kuipa njia ya hewa ya nje. Lakini lazima kwanza ulielewe.

Sisi tulirudisha boksi siku hiyohiyo, kwa uwanja wa mzee. Tulikuwa na bahati kwamba bado lilikuwa kwa buti. Tukaenda tena hadi Enterprise Road. Kwenye jam namba ilipanda hadi 44, kwa sababu jam ni jam. Barabara ilipofunguka, ndani ya muda mfupi ikashuka hadi 31. Sauti ilikuwa imepotea. Gari ilikuwa inavuta.

Mzee alikataa kutuongezea presha. Alisema turudi tukimaliza kulipa mkopo. Binamu yangu alikasirika njia nzima hadi nyumbani, lakini injini bado iko hai na awamu za sacco zimebaki saba.

Ile filta nyekundu iko juu ya kabati yake, kama kombe. Kwako, fanya hivi leo kabla hujalala: fungua boneti, tafuta filta, fuata paipu hadi mwisho. Halafu niambie hapo chini, yako inakula hewa ya wapi?